Maji ya Chumvi

Kitabu chenyewe nilipewa na mwalimu wa misheni kule kwetu ziwani, jalada limekwisha kuchanika, nami nilikuja nacho Kericho nikakitunza kuliko blanketi. Kilikuwa kisa cha kweli. Meli ilizama katikati ya bahari, watu saba wakabaki ndani ya mashua, siku nyingi bila kuona nchi kavu.

Jumapili alasiri, mvua ikitufungia ndani ya laini, yaani nyumba za wafanyakazi, wachuma chai wenzangu walijazana chumbani mwetu nami nikawasomea. Mdogo wangu, tuliyekuja naye kutafuta kazi, ndiye aliyechochea moto. Niliringa, sikatai. Mtu akiniuliza neno namwambia asiyejua maana haambiwi maana, kisha namwambia maana hata kama mimi mwenyewe siijui.

Bahari hatukuwa tumeiona hata mmoja wetu. Kwa lugha yetu bahari na ziwa ni neno moja, nam. Basi tulipofika pale mabaharia wanakufa kwa kiu, chumba kizima kilicheka.

"Watu gani hawa? Wamekalia maji, halafu wanalilia maji!"

Mdogo wangu alicheka mpaka akakohoa. Nikaendelea kusoma. Maji yale yalikuwa ya chumvi, na waliokunywa walirukwa na akili wakafa. Waliopona ni wale waliomtii nahodha, aliyewapimia kifuniko kimoja cha maji matamu asubuhi na kimoja jioni. Kicheko kikakatika. Ukurasa huo waliniomba niurudie Jumapili nyingi.

Mvua za masika zikaleta ugonjwa wa kuhara. Mdogo wangu ulimshika Jumatatu, na Jumanne macho yalikuwa yamezama, ngozi ya mkono ukiifinya hairudi. Dresa wa shamba, yaani msaidizi wa daktari, Mkipsigis mpole aliyezunguka laini zote kwa miguu, alisimama mlangoni.

"Chemsha maji, tia chumvi kitogo na sukari," aliniambia. "Mpe yeye, mpe tena, siku yote. Hii daktari msungu amenifuntisha juzi tu. Ndugu yako ni wa kwansa kupewa."

"Maji ya chumvi?"

"Ndiyo. Maji ya chumvi."

Nilimwitikia vizuri, na alipoondoka nikamcheka. Kwao ng'ombe hupelekwa kulamba udongo wa chumvi wakanenepa. Nikasema huyu anadhani mdogo wangu ni fahali.

"Omera, ndugu yangu, si daktari amesema?" mdogo wangu aliuliza.

"Umesahau wale wa mashua?"

Hakubisha. Aliniamini, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilichukua kifuniko cha birika nikampimia maji matupu, asubuhi mara moja na jioni mara moja. Alinyoosha mkono kuifikia sufuria, nami nikaisogeza mbali, kwa upendo kabisa, nikimwambia avumilie.

Alikufa Alhamisi kabla ya adhuhuri. Tulimzika siku hiyo hiyo, ng'ambo ya kijito, udongo umelowa hata majembe yananata.

Tulipotoka kaburini, dresa alikuwa ananingoja.

"Ulimpa?"

"Nilimpa."

"Siku yote?"

"Siku yote, daktari."

Alivua kofia akaikunjakunja mikononi. "Basi haisaitii," akasema, na nikaona amehuzunika kweli. Nilikuwa naogopa. Wakati ule sikujua kama chumvi ingemwokoa. Nilijua tu kwamba sikumpa. Miaka mingi baadaye niliwaona wagonjwa kama yeye wakinyweshwa maji hayo hayo wakainuka.

Kesho yake, mlango wa tatu kutoka kwangu, mama mmoja wa Kisii alitoka amempakata mtoto wake wa kike, shingo imelegea. Alimsimamisha dresa akamwuliza ampe nini. Nilikuwa nimeegemea ukuta, karibu, nasikia kila neno. Dresa akafikiri. Akamwambia amfunike asipate baridi, na amwombe Mungu. Chumvi hakuitaja. Mama yule akanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi msomi wa laini, akaniuliza kama vitabu vyangu vinasema lolote.

Nilimwambia havisemi kitu.

Mtoto yule tulimzika Jumamosi.