Vioo vya Kabatini

Nilirudi kutoka mafunzo ya likizo mjini Kisii nikiwa nimepakata sanduku la mbao lenye vioo vya maabara. Kwa wiki mbili walikuwa wametufundisha sisi walimu wa kike namna ya kuwavutia wasichana kwenye sayansi. Huko Gesima nilikuwa mwalimu wa kushona, na kabla ya hapo sikuwa nimewahi kushika hata neli moja ya kioo.

Mwalimu mkuu alilipokea sanduku, akalifungia kabatini mwake.

"Vikivunjika, nitamwambia nini afisa wa elimu?"

"Lakini wasichana watajifunzaje, Mwalimu?"

"Waeleze. Mdomo si unao?"

Basi Ijumaa mchana, kabla Wasabato hawajaenda nyumbani kujiandaa kwa Sabato, nikawa nakutana na wasichana kumi na mmoja jikoni mwa shule. Tulitwanga maua mekundu, tukachuja maji yake ya kupimia asidi. Kwa ndimu yaling'aa mekundu, kwa jivu yakawa kijani. Walishangilia hadi mpishi akatufukuza.

Muhula uliofuata mkaguzi alikuja. Vioo vikapangwa mezani, wasichana wakaonywa wasiguse. Mkaguzi akainua neli, akauliza inatumikaje. Mmoja wa wale kumi na mmoja, binti wa wakulima wa chai, akasimama.

"Hatujui, bwana. Leo ndiyo mara ya kwanza tunaviona."

Sikuthubutu kuinua macho. Mkaguzi alimgeukia mwalimu mkuu, akamwambia ufunguo wa kabati ukae kwangu. Mwalimu mkuu akanipa palepale, akitabasamu.

Jumatatu mwalimu mkuu aliniita ofisini.

"Mume wako anafanya kazi Nyamira, sivyo? Na wewe unatarajia mtoto. Barua yangu moja tu, utahamishiwa mbali." Akanyoosha mkono.

Nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Mkaguzi alikuwa ameshaondoka. Niliuweka ufunguo kiganjani mwake, nikarudi darasani kufundisha pindo.

Yule msichana alikuwa ameniona kupitia dirisha la ofisi. Baada ya kipindi alinisubiri mlangoni.

"Mwalimu, umemrudishia?"

"Nimemrudishia."

"Kwa hiyo tutaendelea na ndimu?"

"Tutaendelea."

Ijumaa ile walikuja kumi. Yeye alibaki uwanjani akisuka nywele za mwenzake, na kila asubuhi hadi alipomaliza shule alinisalimia kwa adabu, kama anavyosalimiwa mwalimu yeyote. Nilitamani siku moja anitukane.