Mwanamwema, Aliyetufundisha Kusema Panapouma

Wifi yangu Mwanamwema si mtu wa kushangaza ukimwona. Ni mfupi, mnene kiasi, na akipita Kilburn High Road na mkoba wake wa magurudumu utadhani ni mmoja tu katika kina mama wanaosaka ndizi za kupika za bei nafuu. Nilikaa naye miaka mingi kama mke wa kaka yangu Vuai bila ya kumwona ajabu yoyote. Na mie si mtu wa kusifu watu ovyo, waulizeni walionioa. Lakini kwa niliyoyaona kwake baada ya kuumia, nilibaki mdomo wazi, na mpaka leo sijaufunga vizuri.

Alikuwa akifanya kazi Hounslow, kwenye jiko kubwa linalopakia vyakula vya abiria wa ndege. Mwaka 1998 toroli lililojaa trei liliteleza likambana mkono wa kulia ukutani. Mwenzake wa zamu, Gurmit, ndiye aliyesimama kidete mpaka ajali ikaandikwa, maana Mwanamwema alikuwa keshasema si kitu. Mkono ukapasuliwa, ukafungwa, ukafunguliwa, na kazi ikamshinda. Serikali ya huku ina malipo kwa mtu aliyeumia kazini, ila kwanza daktari wao akupime aone umepungukiwa kiasi gani.

Siku ya kupimwa nilikwenda naye, kwa kuwa mie ni karani wa baraza la mtaa na Kiingereza changu kimenyooka. Daktari, mzee mwenye adabu zake, akamwuliza, "How are you today?"

Mwanamwema akatabasamu. "Very well, thank you, doctor."

Na mkono je?

"Alhamdulillah, better, thank you very much."

Mkono wenyewe kauficha ndani ya mtandio! Yule mzee akauomba, akauminya hapa na pale, mgongo wake umenizibia nisiuone, akauliza kama unauma. Wifi yangu, machozi yanamlengalenga, akasema kidogo tu. Nilitamani kumfinya. Lakini ningemlaumu vipi? Ndivyo tulivyolelewa. Ukiulizwa hujambo, unajibu sijambo, hata kama umelazwa na mipira puani. Ukimwendea mfiwa ukamwuliza habari, atakujibu nzuri kwanza, ndipo akwambie nani kafa. Na kilema hakionyeshwi wageni.

Majibu yakaja kwamba hakupungukiwa kiasi cha kulipwa. Nilifura kama hamira. Nikamchukua mpaka Neasden kwenye ofisi moja ya ushauri, ambako alikuwepo Pramila, Mhindi aliyezaliwa Kisumu, akijitolea kuwasaidia watu wenye kesi kama hizi. Pramila alisoma maneno ya daktari, akavua miwani.

"Mama, wewe umeambia daktari uko mzima. Sasa yeye angeandika nini?"

"Nimemjibu salamu tu," akasema Mwanamwema.

"Hapo hakuna salamu, mama. Hapo kila kitu ni jibu."

Akamsaidia kukata rufaa. Akatwambia kwamba kusikilizwa kutachukua miezi, na katika miezi hiyo Mwanamwema ajifunze jambo moja, kusema mkono wake hauwezi nini. Asiposema safari hii, mlango umefungwa, wala hakuna mtu wa kumsemea.

Kesho yake nikampigia simu kama kawaida. "Hujambo wifi?"

Akasema, "Sikulala. Mkono umeniuma mpaka begani."

Nilidhani ananitukana.

Basi mazoezi yenyewe yakaanza hivyo, na hayakukaa siri, kwa sababu kaka yangu Vuai hajui kuweka neno. Akamwambia Mpemba mmoja aliyeanguka ngazi ya ujenzi, naye akamwambia mfagiaji wa Kikongo aliyeungua kwa dawa ya sakafu, na kabla hatujajua, kila Jumamosi kile kijumba chao juu ya duka la mazulia kikawa kimejaa watu walioumia. Mwanamwema hakujua sheria, na hakujidai kuijua. Mambo ya sheria aliwaelekeza kwa Pramila. Yeye alikuwa na chai, na alikuwa na sharti. Ukifika mlangoni atakuuliza habari yako, na ukijibu nzuri, unarudi kwenye ngazi unabisha hodi upya. Niliwaona wazee wa watu, wenye kofia na mikongojo, wakirudishwa nje kama watoto waliokanyaga zulia na matope. Nilicheka mpaka nikatoka nje mwenyewe.

Aliyetutoa jasho ni Norbert, Mkongo wa Bukavu, shemasi kanisani kwao, tuliyemwita Baba Shekinah kwa jina la mwanawe. Alipakia mizigo ya ndege mpaka mgongo ukamwisha. Alifika na suti iliyopigwa pasi, akaulizwa habari.

"Niko muzima, mama. Yesu alishaniponyesha."

"Rudi kwenye ngazi, Baba Shekinah."

Akarudi, akabisha, akajibu vilevile. Mwishowe akapandisha hasira. "Mimi nikisema ningali mugonjwa, kanisani watasema sina imani! Munataka nikane Bwana?"

Nikajua sasa yamekwisha, ataondoka. Mwanamwema akammiminia chai. "Baba Shekinah, Mungu anajua bila ya kuambiwa. Daktari hajui. Mshukuru Mungu, mwambie daktari. Usiwachanganye."

Norbert akakaa. Akaitazama chai mpaka ikafanya utando. Kisha akasema, polepole, na bibi kwao ni mke, "Bibi yangu njo ananivalishaka viatu. Kila asubui. Mutoto wangu anaangaliaka."

Nimehudhuria hitima za watu wakubwa, nimesikia mawaidha ya mashehe wenye majina, lakini ukimya kama ule sijapata kuusikia. Mwanamume mzima kayatoa maneno yale mbele yetu, na hakuna aliyemcheka. Halafu yule Mpemba akasema yeye hawezi kumbeba mjukuu wake. Mfagiaji akasema lake. Ikawa kama bomba lililozibuliwa. Nilirudi nyumbani kwa basi nimekaa kimya, na wanaonijua wanajua maana yake.

Norbert alipokwenda kupimwa aliyasema yaleyale, na akasikilizwa. Wengine vilevile. Watu wakaanza kuja kutoka mbali.

Lakini mganga hajigangi. Katika Jumamosi zote hizo, Mwanamwema mwenyewe alikuwa akisema mkono unauma, unauma, basi. Neno siwezi halikumtoka. Mtandio hakuufunua. Pramila alimwambia kuuma si neno, kila mtu anaumwa, waambie huwezi nini. Akaitikia ndiyo dada, ndiyo dada, na tarehe ya rufaa inakuja.

Kati ya hapo, mwezi wa Novemba, mama yangu akafariki. Lazima nieleze kwamba tangu Mwanamwema afike nchi hii, akifa mwanamke wetu upande huu wa London, anayeitwa kumwosha ni yeye. Ndiyo heshima yake. Tangu aumie hatukuwa tumefiwa na mwanamke, na mama alikuwa ameusia kwa kinywa chake, "Nikifa anioshe mkwe wangu." Tukafika msikitini, chumba cha kuoshea kikafunguliwa, maji yakatengwa. Mwanamwema akasimama mlangoni. Akasema, "Siingii." Akageuka akaenda zake.

Mama yangu akaoshwa na watu wengine. Waliokuwepo wakasema kumbe huyu alikuwa na kinyongo na mkwewe, mwacheni, leo kakitoa. Mie nilisema zaidi ya hayo. Mkono nilijua unauma, lakini kuuma ni kuuma, na mama ni mama. Nilimsusa. Vuai akija namkaribisha, akija naye mkewe nasema kichwa kinaniuma.

Hata hivyo nilikuwa nimeahidi kwenda naye kwenye rufaa, na ahadi ni deni. Tulikwenda bila ya kusemezana, kituo baada ya kituo. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, meza ndefu, watu watatu nyuma yake, mwenyekiti mwanamke mwenye mvi. Mkalimani aliitwa Cosmas, mtu mzima wa Tanga mwenye tai. Mie nikaruhusiwa kukaa pembeni, nikanyamaza, jambo ambalo silipendi.

Mwenyekiti akamwuliza habari yake asubuhi ile. Nikafumba macho.

"Si mzima," akasema Mwanamwema.

Nikafumbua. Akautoa mkono ndani ya mtandio, akauweka juu ya meza. Kwa mara ya kwanza niliuona wote. Vidole viwili vimejikunja kama vimeshika kitu ambacho hakipo, na ngozi inang'aa. Mwenyekiti akauliza, taratibu, ni jambo gani hawezi kulifanya sasa ambalo alikuwa akiweza.

Nilidhani atasema kupika, au kufua. Akasema, "Siwezi kuosha maiti."

Cosmas akatafsiri. Wale watatu wakainua vichwa.

"Mama mkwe wangu aliniusia nimwoshe," akaendelea, macho yake kwenye ule mkono. "Usiku aliofariki nilijaribu nyumbani. Nililowesha taulo nikaliinua kama ninavyomwinua mtu. Likaniponyoka. Nikajaribu tena, likaniponyoka. Maiti haangushwi. Nilifika mpaka mlangoni, nikaona nikiingia nitamwangusha mama wa watu mbele ya binti yake. Nikarudi. Watu wakasema nina roho mbaya, nikawaacha waseme. Niliona bora niitwe mbaya kuliko kuitwa kilema."

Na mkalimani, jamani, husema kama yeye ndiye mwenye maneno. Kwa hiyo nikayasikia mara ya pili, kwa Kiingereza, kutoka kwa baba mtu mzima mwenye tai, akisema mimi nilifika mlangoni, mimi nikarudi. Alipofika hapo kwenye kilema akaomba maji. Mie nilikuwa nimeshikilia kiti. Nilimtazama yule mwanamke mfupi niliyemsusa, nikaona kana kwamba simjui, na kwamba nilikuwa nikiishi karibu na mtu mkubwa bila ya habari. Mficha maradhi kilio humuumbua, wamesema wahenga. Huyu kilio kilimuumbua kweli, kisha akasimama juu ya aibu ile akaizungumza.

Tulitolewa nje, tukaitwa tena. Wakamwambia rufaa yake imekubaliwa. Akasema thank you. Tulipofika barabarani nilitaka kumwambia maneno mengi, nikaweza kusema, "Weye mwanamke weye!" Nikamkumbatia, mpaka watu wakatupisha njia.

Hadithi ingekuwa imekwisha hapo, na mie ningekuwa nimetosheka. Lakini majira ya baridi hayajaisha, akafariki mama yake Harith, jirani yetu. Hakuna aliyempigia simu Mwanamwema. Yeye ndiye aliyenipigia mie.

"Jitayarishe wifi, twende."

"Twende wapi?"

"Kuosha."

Tukafika. Wanawake wakatazamana. Mwanamwema akaingia mpaka ndani safari hii, akavua mtandio, akauonyesha ule mkono kwa wote waliokuwepo, wale wale waliomsema. "Mie siwezi," akasema. "Mkono huu umekufa. Nitasema, na wifi yangu ataosha."

Mie sijapata kumgusa maiti maisha yangu. Ninaogopa hata kuku wa kuchinjwa. Lakini nani angemkatalia? Nikakunja mikono. Maji yalikuwa vuguvugu, yana harufu ya mkunazi. Yeye akasimama upande wa kichwa, mkono wake mzima kwenye bega langu.

"Bismillahi. Upande wa kulia kwanza. Mshike kwapani, usimvute, mpokee. Hivyo. Polepole, huyu ni mama wa watu."

Mikono ilikuwa yangu, lakini ilitulia, na sijui utulivu ule uliingilia wapi. Alichosema kilifanyika. Wale wanawake wengine wakawa wanamimina maji anaposema mimina na wanaacha anaposema acha. Nilipofika miguuni nilikuwa nalia, na sikujua tena namwosha mama yake Harith au namwosha mama yangu.

"Usiache, wifi," akasema Mwanamwema. "Bado mguu wa kushoto."