Tulimwambia Kipa Atoke

Anayesema mpira wa wanawake ni mchezo wa mabinti wapole hajawahi kusimama kando ya uwanja kule kwetu, kwenye ligi hizi za chini. Nimeona msichana akipigwa kiwiko cha pua, akafuta damu kwa jezi, akadai kona yake. Nimeona mashabiki wakirushiana chupa za mikojo. Mimi mwenyewe niliwahi kumvuta nywele mama mmoja mshirika wa kanisa letu kwa sababu alimwita binti yangu dume. Wigi ilibaki mkononi mwangu na sikuirudisha.

Binti yangu alikuwa kipa wa timu yetu ya Mitaboni. Siku ninayosimulia tulikuwa tumekwenda kucheza Muthetheni, na kocha wa timu moja ya ligi kuu alikuwa amefunga safari kuja kumwona. Yeye peke yake, si mwingine. Asubuhi binti hakugusa uji. Nilimwomba Mungu anizibe mdomo kwa siku moja tu, lakini nadhani alikuwa na shughuli nyingine.

Nilisimama nyuma ya goli letu na kinyozi wa sokoni kwetu, mpuliza vuvuzela wetu; kwa miaka mingi mimi na yeye tulikuwa hatujakosa mechi hata moja.

Kipindi cha pili, bado hakuna bao, straika wa Muthetheni alipata mpira mrefu akabaki na kipa tu. Tukapaza sauti sote: "Uma! Uma!" Kwa Kikamba tulikuwa tunamwambia atoke golini amkabili. Ndilo neno tulilomlea nalo tangu akidaka mipira ya makaratasi. Akatoka. Akaruka, akaupiga mpira ngumi mpaka shambani kwenye mahindi, kisha vichwa vikagongana kwa mlio uliotusimamisha nywele. Straika akaanguka ameshika shavu. Alipoondoa mkono, alama za meno zilikuwa pale, zinavuja damu.

Refa alikuwa dada wa Machakos mjini, Mwislamu, wazazi wake watu wa Mombasa. Kikamba hajui hata cha kuombea maji. Alichosikia yeye, kwa Kiswahili chake safi cha nyumbani, ni watu wazima na akili zao wakimwamuru msichana amng'ate mwenzake, na shavu lenyewe hili hapa. Akachomoa kadi nyekundu.

"Refa, hiyo ni Kikamba!" nikapiga yowe. "Tumemwambia atoke!"

"Nimewasikia kwa masikio yangu," akajibu. "Mmesema uma, naye ameuma."

Ningecheka, lakini kocha wa ligi kuu alikuwa ameshageuka anaelekea kwenye gari lake. Nikamwona mtoto wangu amesimama na midomo iliyopasuka, anamtazama yule mtu akienda. Niliingia uwanjani, na nyuma yangu ikaingia Mitaboni nzima.

Nilimshika refa kola nikamtikisa mpaka filimbi ikamtoka mdomoni. Mtu akampiga teke nyuma ya goti, akaenda chini. Watu wa Muthetheni nao wakaja na fimbo, wengine na mawe, na hapo hakukuwa tena na timu wala mechi. Nilipigwa mgongoni, nikapiga uso ambao sikuujua ni wa nani. Kijana wetu mmoja alitambaa akitafuta meno yake kwenye vumbi. Harufu ya damu na nyasi zilizokanyagwa naikumbuka mpaka leo.

Binti yangu alipita katikati yetu, akamlalia refa, akamkinga kichwa kwa mikono yake miwili. Glavu alikuwa ameshazivua.

"Mwaitu, acheni!" alilia. Mwaitu ni mimi, mama yake. "Mtamuua!"

Jiwe lilikuja kabla sijamjibu. Lilitaka kichwa cha refa, likatua kwenye vidole vya mwanangu. Niligeuka na kumwona aliyelirusha, mkono bado uko juu. Alikuwa kinyozi.

Kesho yake alikuja wodini na pakiti ya juisi, macho mekundu. "Mama, si nilikuwa namtetea," akasema. "Nilikuwa na uchungu na huyu mtoto kama wewe tu."

Nilimzaba kofi mbele ya wagonjwa, na alipoinama nikamwongeza la pili. Juisi ilimwagika chini ya kitanda. Muuguzi alikuwa anatusukuma mlangoni binti yangu aliposema, bila kupandisha sauti, mkono wake umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko:

"Mwaitu, msikuje tena kwa mechi zangu. Wewe na yeye. Sitaki kuwaona huko."

Vidole viwili vilikataa kukunjika. Ukipa uliishia hapo, na yule kocha hakurudi. Sasa anacheza beki wa kushoto, wanasema anakaba vizuri. Wanasema, kwa sababu mimi sijamwona. Mechi za wasichana wa ligi ya chini haziko redioni wala kwenye televisheni, na usipoenda mwenyewe hujui lolote. Jumamosi nabaki jikoni na simu mezani mpaka nisikie geti. Anaingia akiwa na matope magotini, anavua viatu, namuuliza mechi ilikuwaje.

"Tulicheza," ananijibu, kisha anaenda kuoga.