Mwendo wa Kuguna

Jina la Mama Sponji lilitoka kwa mteja mmoja mpenda utani. Alibonyeza keki kwa kidole, akaona inarudi juu kama haikuguswa, akasema, "Hii si keki, hii ni sponji ya kuogea!" Watu wakacheka, jina likaganda. Miaka ishirini na sita baadaye hata waleta mayai hawakumjua kwa jina jingine, na akiitwa kwa jina lake la kuzaliwa alikuwa anachelewa kugeuka. Siku hizi alichelewa kugeuka kwa jina lolote.

Duka lake lilikuwa na vyumba viwili. Mbele kaunta na kabati la vioo, nyuma jiko lenye tanuri, meza ya bati na mashine ya kuchanganyia keki. Mashine ile ilikuwa na umri mkubwa kuliko ndoa za wateja wake wengi. Swichi yake ya duara iliwahi kuwa na namba, moja hadi sita, lakini vidole vya siagi vilizifuta zote zamani, na Mama Sponji hakujali, kwa sababu mashine aliiendesha kwa sikio. Mwendo wa kwanza uliguna, kama mzee aliyeamshwa mapema. Wa tatu ulivuma sawasawa, na huo ndio ulikuwa wa siagi na sukari, mpaka siagi iwe nyeupe na laini. Wa sita ulipiga yowe, na huo ulikuwa wa ute wa mayai peke yake, tena baada ya kuuanza polepole mpaka upate povu. Unga ulipoingia kwenye bakuli, kila kitu kilirudi kwenye kuguna.

"Unga haupigwi," alimwambia mkwe wake. "Unga unakaribishwa. Ukiukimbiza unakasirika, na keki ya unga uliokasirika utaitafuna mpaka taya zikuume."

Mkwe huyo, mke wa mwanawe wa kwanza, aliingia jikoni mle miaka minane nyuma akiwa hajui hata kuvunja yai bila ganda kuingia. Siku ya kwanza alikalishwa kwenye stuli karibu na dirisha, akapewa trei mbili za mayai na bakuli. Alivunja mayai miezi mitatu. Baadaye akapanda cheo akawa mpambaji, na mkono wake kwenye krimu ulikuwa mwepesi kweli kweli, lakini mashine hakuruhusiwa kuigusa. Wala hakuruhusiwa kutia maganda ya limau yaliyokunwa, kitu alichokipenda mno. "Keki yangu haihitaji manukato," Mama Sponji alisema, na mjadala ukafungwa.

Masikio yalianza kumwacha kidogo kidogo. Kwanza birika likawa linachemka bila kumwambia. Kisha wateja wakaanza kunong'ona, au hivyo ndivyo alivyodhani, akawa anawakaripia: "Semeni kwa sauti, hamjala?" Mwisho alikwenda kwa daktari, peke yake, akawaambia wa nyumbani anakwenda kununua karatasi za kuokea. Daktari alimwandikia kwenye karatasi, kwa kuwa kusema kulishindikana: mshipa wa kusikia unakufa, kifaa kitasaidia kidogo sana, na hakuna kitakachorudi. Mama Sponji aliisoma mara mbili, akaikunja, akaificha chini ya kopo la hamira. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye msemo huo aliwahi kuwasomea wenzake wengi. Ulipomfikia yeye, aliumeza.

Sasa sikiliza kosa lenyewe, maana ni kosa dogo la kutia uchungu. Kila alipotaka ule mwendo wa kuguna, alizungusha swichi mpaka asikie mguno. Mwaka wa kwanza mguno ulikuja pale pale kwenye moja. Mwaka wa pili ukachelewa kidogo. Mwaka huu, mpaka yeye asikie kitu kama kuguna, mashine ilikuwa kwenye tano, inapiga kelele mpaka vikombe vinatetemeka rafuni. Na kwa kuwa alizoea tangu ujana kufunika bakuli kwa kitambaa kibichi ili unga usiruke, hata macho hayakuweza kumsaidia. Alisimama pale mkono kiunoni, ametulia, akidhani anaukaribisha unga, kumbe anauchapa.

Keki zikaanza kutoka ngumu, zinanepa mkononi kama raba, ukikata unakuta mashimo marefu ndani. Alilaumu unga wa gunia jipya. Alilaumu mayai. Alimwita fundi wa tanuri, fundi akaja, akapima, akasema tanuri halina kosa, naye akamwambia fundi hajui kazi.

Siku moja mkwe alijipa moyo. "Mama, mbona mashine iko juu hivyo?"

"Mayai sita," alijibu Mama Sponji. "Manne niliyatia tangu mwanzo."

Mkwe alirudi kwenye krimu yake. Tangu siku hiyo alijua, akanyamaza, kwa sababu ni nani atakayemwambia mama mkwe wake kwamba hasikii?

Hapo ndipo binti wa mwisho, kitindamimba, alipotangaza harusi. Huyu alilelewa jikoni mle, akilamba mwiko. Alipokuwa na miaka saba alimwapisha mama yake kwamba keki ya harusi yake ataioka yeye na si mtu mwingine, na ahadi ile ilikuwa imesemwa upya kila siku yake ya kuzaliwa. "Ghorofa tatu, Mama," alisema sasa, akimshika mashavu yote mawili, na kwa sababu alimtazama usoni, Mama Sponji aliyaona maneno yote. "Mkono wako tu."

Mama Sponji aliitaka keki ile kuliko kitu chochote. Alijiambia kwamba hii moja ikitoka vizuri, hata akifunga duka kesho yake hatalia.

Alhamisi aliioka. Alipiga siagi, akatia mayai moja moja, kisha unga, akafunika kitambaa, akazungusha swichi mpaka akasikia. Mkwe alikuwa mezani akikoroga krimu, amegeuza mgongo, mabega yamempanda mpaka masikioni kwa ile kelele. Keki zilipopoa, Mama Sponji alibonyeza ile kubwa kwa kidole. Kidole kilikataliwa. Alibonyeza ya pili, na ya tatu. Akasimama pale na hofu ambayo hakuwahi kuwa nayo jikoni mwake, akajiambia kesho zitalainika, ingawa hakuna duniani aliyejua zaidi yake kwamba keki ngumu hailainiki. Alimwachia mkwe kazi ya kupamba. Ijumaa kutwa nzima alikuwa kwa fundi cherehani na bibi harusi.

Jumamosi ukumbini alikaa meza ya mbele, roho mkononi. Keki ilikuwa imesimama, nyeupe, ghorofa tatu, maua ya krimu yakishuka ubavuni. Kisu kilipoingia alifumba macho. Alipofumbua, kisu kilikuwa kimeshafika chini bila kushindana na kitu. Binti alikuja na kipande, akamlisha kwa mkono wake mwenyewe.

Kilikuwa laini. Kilikuwa laini kama zile za zamani, kikayeyuka ulimini, na baada ya kuyeyuka kikaacha harufu ya limau.

Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alitazama kule nyuma alikokaa mkwe wake, na mkwe akainamisha kichwa. Binti alikuwa anasema kitu, machozi yanamtoka, anacheka, anaonyesha keki, anamwonyesha mama. Mshereheshaji alinyanyua kipaza sauti. Mama Sponji aliona midomo yake ikienda, kisha akaona ukumbi mzima unapiga makofi bila sauti hata moja, watu wote wamemgeukia yeye. Jirani wa kiti alimgusa bega ili asimame. Akasimama. Akapunga mkono. Alipongezwa kwa keki asiyoioka, kwa maneno asiyoyasikia, na ilimbidi atabasamu mpaka wachoke.

Jumatatu asubuhi alifungua kabati la chini jikoni, pale pa vyombo visivyotumika. Alizikuta zote tatu, zimefungwa kwa karatasi kwa heshima, kana kwamba mkwe alishindwa kuzitupa. Alikata kipande cha ile kubwa, akatafuna amesimama. Alitafuna mpaka taya zikamuuma.

Mkwe aliingia, akaona, akasimama mlangoni. "Mama, nisamehe," alisema, akiifungua midomo pole pole ili asomeke. "Niliogopa aibu yako."

"Ulifanya vizuri," alisema Mama Sponji. Ndivyo ilivyokuwa, na ndicho kilichomuumiza.

Mkwe alikuwa ameshapaka alama kwenye swichi kwa rangi ya kucha, nyekundu, moja hadi sita, zimenyooka vizuri. "Sasa unaweza kutazama tu, Mama. Huna haja ya kusikia."

Mama Sponji alizitazama. Alizungusha swichi mpaka alama ya kwanza. Mwiko wa mashine ulianza kuzunguka ndani ya bakuli tupu, na chumba kilikuwa kimya kabisa. Ule mguno aliouzoea miaka ishirini na sita ulikuwepo hapo mbele yake, unasikika na kila mtu isipokuwa yeye. Alizima.

Alivua aproni, akamvisha mkwe wake, akafunga kamba nyuma kama anavyofungwa mtoto wa shule. Mkwe alikuwa analia. Kisha Mama Sponji akavuta ile stuli mpaka dirishani, akachukua trei mbili za mayai na bakuli, akakaa, akaanza kuvunja. Upande wa pili wa jiko mwiko ukaanza kuzunguka.

"Umeweka ngapi?" aliuliza.

Mkwe alimjibu akiwa amegeuza mgongo. Mama Sponji hakuuliza tena.