Barua ya Kupitia kwa Bwana Eliud

Naserian Kisioki alikuwa na miaka arobaini na mbili, mtendaji wa mtaa mmoja wa jiji la Arusha, na mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika utawala wa umma. Kwa miaka miwili Jumamosi zake zote ziliishia darasani. Harusi za kwao Ngaramtoni alizisikia kwa simu tu, hadi mama yake akaacha kumuuliza atakuja lini. Masomo yote alifaulu. Kilichobaki ni utafiti, nao ulikwamishwa na barua moja.

Barua yenyewe haikuwa na makuu. Iliomba kibali cha mkurugenzi ili awahoji wananchi kuhusu ucheleweshaji wa huduma katika ofisi za mitaa. Lakini mtumishi hamwandikii mkurugenzi moja kwa moja. Barua lazima ipitie kwa bosi wake, naye aandike maoni. Bosi huyo ni Bwana Eliud, mtendaji wa kata. Basi barua ya kuchunguza ucheleweshaji ikakaa mezani kwake wiki saba. Wiki saba! Maharage ya Naserian kule Lemara yalipandwa, yakaota, yakatoa maua, barua iko palepale chini ya kikombe cha chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Barua yako naifanyia kazi."

Kazi gani? Ilihitaji mstari mmoja na saini! Naserian alijua kinachomsumbua Bwana Eliud: yeye ana shahada moja, na hakupenda mtu wa chini yake awe na mbili.

Chuoni, Dokta Lilian aliyemsimamia utafiti hakumficha. Kibali kisipofika kabla ya mwisho wa mwezi, usajili wake unafutwa, na miaka miwili inakwenda na maji. Zilipobaki siku nne, Naserian aliingia kwa Bwana Eliud bila hata kubisha hodi.

"Mzee, siombi fadhila. Kama hutaki, andika kwamba hutaki, nijue moja. Lakini kuikalia barua ya mtu namna hii ni kumdharau."

Bwana Eliud akasogeza kikombe.

"Siku hizi unajiona msomi sana," akasema, huku anasaini. Haikuchukua hata dakika moja, na hilo ndilo lililomchoma Naserian kuliko matusi yoyote.

Kibali kilitoka baada ya siku mbili. Alianza kuhoji akiwa bado amefura, tena katika mtaa wake mwenyewe. Mtu wa kwanza alikuwa Mzee Mika, fundi viatu, ambaye alijibu kwa kusitasita.

"Nilifuata barua ya mirathi ya marehemu mke wangu. Nikaambiwa nianze kwa mjumbe wangu wa nyumba kumi, aniandikie yeye kwanza."

"Ukaenda?"

"Mjumbe alikuwa ameshafariki, na hajachaguliwa mwingine. Nikarudi kusema hivyo. Nikaambiwa utaratibu ni huohuo, nianze kwa mjumbe. Mara tatu, mama. Nimsubiri afufuke?"

Naserian aliandika mbiombio, damu inamchemka. Ni mtu wa aina gani anayemtuma mzee kwa maiti, tena mara tatu, halafu anaendelea kunywa chai yake? Akataka kumjua.

"Nani aliyekujibu hivyo, baba?"

Mzee Mika aliinamisha macho kwenye kiatu alichoshika.

"Ni wewe, mama mtendaji."

Naserian alijaribu kumkumbuka, akashindwa. Watu wangapi aliwaambia waanze kwa mjumbe bila kuinua uso?

"Kama litakuharibia shule, usiliandike," mzee akasema kwa upole.

"Nitaliandika, baba."

Kwenye nafasi ya jina la ofisi akaandika ofisi yake, na chini yake cheo chake, akiwa amejikasirikia kuliko alivyowahi kumkasirikia Bwana Eliud.