Mahindi ya Mamake Nelima

Mkitaka mtu awasimulie habari za ndugu yangu Kimeli bila hasira, tafuteni mwingine. Mimi ni Viola Chesang, dadake mdogo. Nimempikia miaka mingi, na kuna siku nimetamani kumpiga na mwiko. Leo ana miaka sitini, hana mke, hana mtoto, na si kwa sababu hakupendwa. Alipendwa, tena na mwanamke ambaye wanaume wa Endebess walikuwa wanageuza shingo akipita.

Kimeli alianza kufunga mdomo akiwa na miaka tisa. Polisi walimkuta anacheza mbele ya nyumba, wakamwuliza kwa upole mzee anaficha wapi pombe yake ya chang'aa. Akawaonyesha. Baba akafungwa miezi sita, akarudi anakohoa, na hakupona tena. Mama hakumchapa. Alimwambia tu, "Umeona kazi ya mdomo wako?" Heri angemchapa.

Akakua, akapata kazi kwenye shamba moja la mbegu za mahindi huko huko upande wa Endebess, na kufikia mwaka wa 1991 alikuwa nyapara. Shamba la mbegu lina sheria zake. Mistari mingine ni ya kike, mingine ya kiume, na ile ya kike lazima ing'olewe maua ya juu kabla hayajamwaga vumbi lake, yaani chavua, ndiyo ipate vumbi la mistari ya kiume peke yake. Kazi hiyo ya kung'oa ilikuwa ya wanawake, asubuhi na umande, mstari kwa mstari. Na hakuna mtu aliyeruhusiwa kupanda mahindi mengine karibu. Upepo ukileta vumbi la nje, shamba zima linakataliwa, na aliyepanda anafukuzwa siku hiyo hiyo.

Nelima alitoka Bungoma kutafuta kibarua baada ya mamake kufa. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na mdomo, ai! Wiki ya kwanza tu alishambatiza ndugu yangu Bwana Kufuli. "Bwana Kufuli, leo umemeza ufunguo?" Wanawake hamsini wanaangua kicheko, na Kimeli ameinamia kitabu chake anaandika na kalamu isiyo na wino.

Halafu asubuhi moja Nelima akakuta gambuti mpya, vile viatu virefu vya mpira, mwanzo wa mstari wake. Alikuwa anafanya kazi miguu mitupu. Akapanda juu ya trela, akazinyanyua mbele ya watu wote. "Nani ameniwekea hizi? Ajitokeze nimshukuru!" Kimeli akageuka akaanza kuhesabu miti. Lakini zilimtosha barabara, na hata mtoto angejua nani alikuwa amepima nyayo zake kwenye matope.

Tangu hapo Nelima akawa anakuja kwetu kila Jumapili baada ya kanisa. Anakunywa maziwa ya kibuyuni, anacheka na mimi, anamwangalia Kimeli akila. Kimeli naye alikuwa akinyoa ndevu Jumapili asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Siku moja Nelima aliniambia jikoni, wazi kabisa, "Viola, ndugu yako aseme neno moja tu. Moja! Mimi naenda Bungoma kesho yake kuwaambia watu wetu." Nikamwambia Kimeli. Akasema amesikia. Akaenda kukama ng'ombe.

Sasa, Nelima alikuwa na mbegu ya mamake, mahindi ya kienyeji, punje nyeupe zimechanganyika na za zambarau. Akapanda mistari minne nyuma ya nyumba za wafanyakazi, katikati ya maboga. Sheria aliijua. "Mistari minne, nani ataona?" Kimeli aliona. Ilikuwa siku ya Alhamisi, mahindi yamefika kiunoni, na mkaguzi wa mbegu alikuwa anakuja Jumamosi.

Angemwambia, Nelima angeyakata mwenyewe. Si ni rahisi hivyo? Watu wazima wawili, neno moja. Lakini Kimeli aliogopa kwamba akilitaja tu, litasikika, na Nelima atafukuzwa, na itakuwa mdomo wake tena. Ijumaa, wanawake wakiwa shamba la mbali, alienda na panga akayakata yote. Ila sita. Hayo sita aliyachimba na udongo wake, akayafunga kwenye magunia, akayapandisha kwa baiskeli mpaka kwetu mlimani, ukingoni mwa msitu, mbali na mahindi ya watu. Nilimkuta anayamwagilia maji kwa kikombe. Ilibidi nimbane sana ndipo akanieleza. Nikamwambia, "Kimbia umwambie hivyo hivyo ulivyoniambia." Akasema yakishika atamwonyesha.

Nelima alirudi jioni akakuta mabua chini. Akaja mpaka pale wafanyakazi walipokuwa wanaandikwa majina. Nilikuwepo, nilikuwa nimeleta uji.

"Nani alikata?"

"Mimi," Kimeli akasema.

"Kwa nini?"

Kimeli akaandika jina lingine.

"Kimeli, niambie kwa nini. Hata ukisema ni kazi, nitaelewa. Ukisema ulinihurumia, nitaelewa. Lakini sema."

Wote walikuwa wakimngojea. Nami nilikuwa namwomba Mungu, Baba, fungua huo mdomo. Kimeli akafunga kitabu chake. Akasema, "Nenda upumzike. Kesho kuna kazi."

Nelima akavua zile gambuti, akazipanga vizuri mbele ya miguu yake, akaondoka peku kwenda stendi ya Endebess. Hakurudi hata kuchukua mshahara wake.

Mahindi matatu yalishika. Desemba yakatoa vigunzi vitatu vidogo vyenye punje. Kimeli akasema ni aibu kumpelekea mtu vigunzi vitatu. Atapanda tena, apeleke debe zima. Kabla hajapanda vikaja vile vita vya kikabila, nyumba zikachomwa, za kwetu Wasabaot na za kwao Wabukusu, na mtu wa mlimani hakuweza kuteremka Bungoma wala wa Bungoma kupanda. Hiyo sababu naikubali. Nyingine zote sizikubali. Vita vilipotulia, Nelima alimtuma mama mmoja muuza vyungu: "Mwambie Kufuli bado sijaolewa." Mwaka uliofuata akamtuma tena, maneno yale yale. Kimeli alisikia mara zote mbili, nikimtazama. Akachukua jembe. Debe halijajaa, alisema.

Mwaka wa nne tukapata habari kwamba ameolewa na Wabwile, fundi wa kiwanda cha karatasi cha Webuye. Kimeli hakula siku mbili. Wiki iliyofuata akapanda.

Alipanda miaka thelathini na miwili, ndugu zangu. Kila mwaka, pale ukingoni mwa msitu, peke yake, asiruhusu mahindi mengine yayakaribie. Na mtu wa mbegu anajua kinachotokea. Mahindi machache yakizaana yenyewe kwa yenyewe mwaka baada ya mwaka, yanadhoofika. Mabua yalifupika, vigunzi vikapungua, punje zikaota kama meno ya mzee. Nikamwambia achanganye na mengine yapate nguvu. Alikataa, akasema hayo hayatakuwa ya mamake Nelima.

Mwaka juzi alivuna vigunzi viwili, vya urefu wa kidole. Akaviweka mezani, akavitazama muda mrefu. Kisha akaniambia, "Viola, nipeleke Bungoma." Nililia kwa furaha. Tulikuwa tumesikia Wabwile alifariki miaka mitano nyuma. Nikampigia shati pasi mara mbili.

Nelima alitupokea uani, nywele zimekuwa nyeupe, kicheko ni kile kile. Na pale uani, juu ya turubai, yalikuwa yameanikwa mahindi. Mengi, makubwa, punje nyeupe na zambarau. Kimeli akasimama. Nikamwona akiyatazama.

Tulikunywa chai. Kimeli akatoa bahasha, akaisukuma mezani. Nelima akatoa vile vigunzi, akavigeuza geuza. Kwa kuwa mwenyewe hakusema, nilieleza mimi, yote, kutoka baiskeli mpaka msituni. Nelima alisikiliza bila kunikatiza.

"Kimeli," akasema. "Mbegu ya mama ilikuwa imebaki kwa dari kule nyumbani. Gunia zima. Sijawahi kuikosa hata msimu mmoja."

Kimeli akaitikia kwa kichwa.

"Mimi sikukasirikia mahindi. Ungeniambia, 'Nelima, kata,' ningekata, tungecheka. Nililia njia yote mpaka Kitale kwa sababu nilisimama mbele yako nikakuomba neno, ukaniambia nikapumzike." Akaviweka vile vigunzi mezani. "Wabwile alikuwa mtu mzuri, sina ubaya naye. Sasa hayuko. Watoto wako Nairobi. Niko hapa peke yangu, na wewe uko hapa. Umekuja kusema nini?"

Nikafungua mdomo. Akaninyooshea mkono. "Wewe Viola, nyamaza. Mwache yeye."

Kimeli alishika kikombe kwa mikono miwili. Midomo ikafunguka, wallahi ikafunguka, na Nelima akainama mbele ili asikose.

"Tulikuwa tunapita tu," akasema.

Kupita kwenda wapi, jamani? Kutoka Endebess mpaka Bungoma, na shati limepigwa pasi, tunapita kwenda wapi?

Nelima akainuka bila kicheko, akakusanya vikombe, cha Kimeli kikiwa bado kimejaa, akatuambia tuharakishe, maana jioni gari za kwenda Kitale huwa chache.