Propela ya Watu Wawili

Hollis Tidmore aliendesha basi la shule mjini Scottsboro, Alabama, kwa miaka ishirini na sita, na hakuna mtoto aliyewahi kumwona amekasirika. Jumapili alipitisha sahani ya sadaka kanisani. Jumamosi alivua samaki wa besi katika Ziwa la Guntersville. Mkewe, Oleta, alifundisha watoto wadogo Biblia, na kuku wake wa kukaanga walitajwa katika maombi na wachungaji watatu mfululizo. Ndoa yao ilikuwa na miaka thelathini na moja, na haikuwa na kidonda ila kimoja, nacho kilikuwa boti.

Mwaka uliotangulia, katika mashindano ya kuvua ya wanandoa wa kanisa, Oleta alipanda boti hiyo kwa mara ya kwanza. Hollis akaifungulia injini yote. Boti za wenzao ziliinuka zikateleza juu ya maji kama sabuni kwenye sinia. Yake ilizamisha tako, ikaelekeza pua mbinguni, ikabaki hapo inanguruma. Mtu wa boti ya jirani akasema kwa sauti, "Ndugu Hollis, mzigo umezidi." Hakuwa na nia mbaya, lakini Oleta alisikia.

"Nirudishe nchi kavu," alisema taratibu. Akakaa ndani ya gari mpaka alasiri akisoma Zaburi, na tangu siku hiyo hakukanyaga boti.

Kwa mashindano ya mwaka huu Hollis alimbembeleza tangu Pasaka. Mwishowe Oleta akakubali. "Mara moja tu. Ikigoma tena, Hollis, usiniombe tena maishani."

Basi Hollis akaenda kwa Verlon Cagle, mzee anayenyoosha propela katika banda nyuma ya nyumba yake, na ambaye humwazima mtu propela aijaribu kwanza kabla ya kununua. Verlon aliigeuzageuza propela ya Hollis, yenye mapanga matatu.

"Hii ni ya mseja," alisema. "Kila ikizunguka mara moja inataka kuisogeza boti inchi ishirini na tano. Ni kama gari kuondoka na gia kubwa. Ikishashika kasi hakuna wa kukukamata. Kuondoka ndiyo shughuli."

"Mbona nilipoijaribu iliondoka vizuri?"

"Ulikuwa na nani botini?"

"Mimi na chupa ya kahawa."

"Haya. Sasa nipe mzigo wa siku yenyewe. Mafuta?"

"Tangi limejaa."

"Na lile tangi la kuwekea samaki hai?"

"Limejaa maji."

"Chakula?"

"Oleta hufunga cha watu sita."

"Na Oleta mwenyewe ana ratili ngapi?"

Hollis akatazama ukutani, palipokuwa na kalenda ya mwaka juzi. "Sijui."

"Miaka thelathini na moja, ndugu yangu?"

"Hajapata kusema."

"Si umuulize."

"Muulize wewe."

"Mimi nina mke wangu, ananitosha," alisema Verlon. Akamletea propela nyingine, ya mapanga manne, yenye mwendo wa inchi ishirini na moja. "Tafuta kitu chenye uzito wa mtu, kiweke kwenye kiti chake. Jaribu zote mbili. Ukifungua injini yote, mshale wa mizunguko ufike kati ya elfu tano mia tano na elfu sita. Ukikwama chini ya hapo, propela imeishinda injini."

Jumanne, baada ya kurudisha basi, Hollis alipanga magunia manne ya chakula cha kuku, kila moja ratili hamsini, kwenye kiti cha Oleta. Kwa kuwa ni mtu mwangalifu, akayavalisha jaketi la kuokolea. Dada Imogene wa kwaya alikuwa akipita darajani. Jumatano kwenye ibada ya maombi, kabla ya wimbo wa mwisho, kanisa zima lilikuwa na habari.

Alhamisi asubuhi Oleta alimwekea mumewe mikate ya moto mezani, akaketi.

"Nasikia unatembea ziwani na chakula cha kuku kwenye kiti changu."

"Ndiyo, mama."

"Umekivalisha jaketi."

"Lilikuwepo, nikaona livaliwe."

"Magunia mangapi?"

Hollis angeweza kusema mawili. Alimtafuta Mungu moyoni ampe njia ya kutokea, lakini njia haikuonekana. "Manne."

Oleta akapaka jamu mkate wake, polepole, mpaka pembeni kabisa.

"Yamepungua," alisema. "Ratili mia mbili na kumi na nne. Ungeniuliza."

"Niliogopa."

"Najua. Warudishie kuku chakula chao. Jioni nakuja mwenyewe."

Alikuja, na kofia yake ya kanisani. Kazi yake ilikuwa kusoma mshale, na kwa kuwa hakuwa na saa alipima muda wa boti kuinuka kwa Sala ya Bwana. Kwa propela ya zamani boti iliinuka alipofika "utusamehe makosa yetu", na mshale ukakwama elfu nne mia tisa. Hollis akairudisha ukingoni, akafunga ile ya mapanga manne. Oleta alisema "Baba yetu uliye", na kabla hajafika mbinguni boti ilikuwa juu ya maji. Mshale ulisimama elfu tano mia saba.

"Rudia," alisema. Akarudia. "Rudia tena." Mara ya tatu hakusali. Alikuwa amevua kofia.

Jumamosi, siku ya mashindano, waliondoka mbele ya boti zote. Baadaye, kwenye maji marefu, karibu zote ziliwapita, kwa sababu propela inayoondoka haraka haina mbio nyingi mbele. Sehemu waliyoitaka wakaikuta ina watu. Wakavua kwingine, wakala kuku, wakawa wa tisa kati ya wanandoa kumi na wanne.

Jumatatu Hollis aliikuta propela yake ya zamani gereji, akaanza kuizungushia kitambaa apate kuiweka rafuni. Oleta alikuwa mlangoni anakunja nguo.

"Unaitunzia nini?"

"Siku nitakazokwenda peke yangu."

"Siku zipi hizo?"

Hollis akakifungua kile kitambaa. Kisha akaipakia garini, akaipeleka kwa Verlon aiuze.